Mshiko wa Matairi ya Nyuma: Somo kwa Wenye Pikapu Kuukuu



Somo la toleo hili lahusu jambo ambalo vijana wa gereji hulijadili kwa shauku na wazee wa mtaa hulisikia kwa hofu: namna ya kuifanya pikapu kuukuu isizungushe magurudumu ya nyuma bure inapoondoka. Kijana anayetaka kumshinda mwenzake kwenye lami iliyonyooka huuliza swali hilo. Dereva wa matola anayepeleka mahindi au mkaa naye huliuliza, pindi gari lake linapokwama kwenye tope la mwezi wa Januari. Maneno yao hutofautiana, lakini kanuni ni moja.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini polisi wafundishe jambo kama hili badala ya kulikataza tu. Jibu letu ni kwamba katazo lisilo na maelezo hudumu kwa muda askari anapokuwa barabarani, kisha huisha. Tena, mengi yanayosemwa na mafundi kuhusu mshiko ni kweli, na si haki kuyakana. Tatizo ni kwamba ukweli huo husemwa nusu. Husemwa jinsi gari linavyoondoka, wala haisemwi jinsi linavyosimama. Nusu hiyo iliyoachwa ndiyo inayowaua watu, na ndiyo tunayotaka kuieleza.

Kwa nini pikapu tupu huteleza nyuma

Pikapu nyingi zinazotembea kati ya Area 49, Kanengo, Lumbadzi na kambi ya Dzaleka wilayani Dowa ni za miundo ya zamani: Toyota Hilux, Isuzu KB, Nissan Hardbody na nyinginezo za namna hiyo. Injini iko mbele, nguvu hupita kwenye shafti ndefu hadi kwenye difu, na ekseli ya nyuma hukaa juu ya springi za majani. Gari la namna hii liliundwa libebe mzigo. Likiwa tupu, mkia wake ni mwepesi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Pikapu tupu ina uzito wa kilo 1,300. Asilimia 58 ya uzito huo, yaani kilo 754, hukaa juu ya magurudumu ya mbele kwa sababu injini iko huko. Nyuma hubaki kilo 546. Sasa, tairi zuri kwenye lami kavu hushika kwa kiasi cha takriban 8 ya 10 ya uzito ulio juu yake; lami ikilowa, kiasi hicho chaweza kushuka hadi 5 ya 10; na kwenye udongo uliolegea au tope hushuka zaidi. Kwa hiyo magurudumu mawili ya nyuma, yaliyobeba kilo 546 tu, hayawezi kuisukuma pikapu hiyo kwa nguvu kubwa hata kama injini inayo. Nguvu ikizidi mshiko, tairi huzunguka bure. Na tairi likianza kuzunguka bure hushika kidogo kuliko lile linaloviringika vizuri. Ndiyo maana kukanyaga mafuta zaidi kwenye tope huchimba shimo badala ya kulitoa gari.

Kuna jambo la pili. Gari linapoondoka kwa kasi, uzito wake huelekea nyuma. Tukichukulia kwamba kitovu cha uzito wa pikapu yetu kiko sentimita 65 kutoka chini, na kwamba umbali kati ya ekseli mbili ni meta 2.8, basi kuondoka kwa nguvu yote ambayo lami kavu inaruhusu huhamishia nyuma kama kilo 120. Magurudumu ya nyuma hupata msaada huo na kushika zaidi. Mafundi wa mbio wanalijua hilo, na kazi yao kubwa ni kuuongeza msaada huo.

Lakini sasa tugeuze hesabu upande ambao hausemwi. Gari hilohilo likifungwa breki kwa nguvu kwenye lami kavu, uzito huelekea mbele. Kama kilo 240 huondoka nyuma, na ekseli ya nyuma hubaki na takriban kilo 300. Mkia uliokuwa mwepesi huwa mwepesi zaidi. Breki za nyuma zikibana kupita kiasi wakati huo, magurudumu hufunga, mkia huteleza kando, na gari hugeuka ubavu. Dereva aliyetengeneza gari lake kwa kufikiria kuondoka tu hukutana na gari jingine kabisa anapotaka kusimama.

Fungu moja la mshiko

Tairi moja hugusa barabara kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu. Kwenye eneo hilo dogo tairi lina fungu moja la mshiko. Fungu hilo hutumika kwa kazi tatu: kusukuma, kugeuka, na kusimama. Ukilitumia lote kusukuma, halibaki la kugeuka. Ukilitumia lote kusimama, usukani hautii. Hakuna fungu la pili lililofichwa mahali.

Tukilikumbuka jambo hilo, twaweza kuyagawa marekebisho yote ya matairi ya nyuma katika makundi mawili. Kundi la kwanza hulikuza fungu lenyewe, na kwa hiyo husaidia kuondoka, kugeuka na kusimama pia. Kundi la pili halikuzi kitu. Huazima mshiko kutoka kwenye kugeuka au kusimama na kuupa kuondoka. Mkopo huo sharti ulipwe, na aghalabu anayeulipa si dereva peke yake.

Mbio za dragi na somo lake

Mbio za dragi ni mashindano ya magari mawili yanayoondoka pamoja kutoka hali ya kusimama na kukimbia kwenye mstari mnyoofu. Umbali wa jadi ni robo maili, yaani kama meta 402. Nchini Marekani, Wally Parks alianzisha chama cha mbio hizo, NHRA, mwaka 1951. Nia mojawapo ilikuwa kuwaondoa vijana kwenye mbio za barabara za umma na kuwapeleka mahali penye kanuni, ukaguzi na wasimamizi. Mwaka 1953 chama hicho kiliendesha mashindano yake rasmi ya kwanza huko Pomona, California. Hapa Kusini mwa Afrika nako kulijengwa njia ya mbio za namna hii, huko Tarlton karibu na Johannesburg.

Katika njia hizo, mshiko wa matairi ya nyuma ni elimu kamili. Uso wa njia husafishwa na kupakwa dawa inayonata. Matairi hutengenezwa kwa mpira laini usio na meno, hujazwa upepo mdogo ili yatambae chini, kisha huzungushwa bure kwa makusudi kabla ya kuondoka ili mpira upate joto na kunata. Ekseli hufungwa fimbo za kuizuia isijipinde. Uzito huhamishiwa nyuma. Yote hayo hufanya kazi, na anayesema hayafanyi kazi hajasema kweli.

Ila mahali hapo pana mambo mengine ambayo kijana wa barabarani hayaangalii. Mbele ya mstari wa kumalizia pana urefu mkubwa wa njia tupu kwa ajili ya kusimama tu. Kuna kuta za pembeni, wazima moto na gari la wagonjwa. Magari yenye kasi kubwa zaidi hufungua miavuli nyuma ili yapungue mwendo. Hata hivyo, mwezi wa Juni 2008, dereva mashuhuri Scott Kalitta alifariki huko Englishtown, New Jersey, baada ya injini yake kulipuka na gari lake kushindwa kusimama mwishoni mwa njia. Baada ya msiba huo, chama kilifupisha umbali wa magari ya daraja lake kutoka meta 402 hadi kama meta 305, ili ibaki nafasi kubwa zaidi ya kusimama.

Tunawaomba vijana walitafakari hilo. Watu wenye ujuzi, fedha na miavuli walipoona hatari, walianza kwa kuongeza nafasi ya kusimama. Kwenye lami ya mtaa, mwisho wa robo maili kuna nini? Kuna kituo cha minibasi, kuna kabaza amepakia abiria, kuna mama anayevuka na ndoo kichwani. Pikapu inayokwenda kilomita 100 kwa saa, ikiwa na breki nzuri na lami kavu, huhitaji kama meta 49 kusimama tangu breki zinapoanza kushika. Tukiongeza sekunde moja ya dereva kutambua na kukanyaga, gari litakuwa limekwenda takriban meta 77. Lami ikilowa, umbali huo hupita meta 100.

Marekebisho yanayolikuza fungu

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Haya ndiyo tunayomshauri kila mwenye pikapu, awe anabeba matofali au familia yake.

Kwanza, matairi. Tairi kipara si tairi. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijinundu vidogo vya mpira; meno yakilika hadi kulingana na vijinundu hivyo, maana yake yamebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha kazi yake. Usingoje kuona nyuzi. Pia soma umri. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu 4. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hili lina uzito hasa kwetu watu wa mipakani, kwani matairi ya mitumba huvuka mipaka kwa wingi na huuzwa yaking'aa kwa rangi nyeusi. Mpira hukauka kwa umri hata kama meno ni marefu, na mpira mkavu haushiki. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike likishapita miaka 10. Ukiwa na matairi mawili mazuri na mawili ya wastani yenye kipimo kimoja, yaliyo mazuri yafungwe nyuma, ili mkia usiteleze kwenye mvua. Na yale mawili ya ekseli ya nyuma yawe ya kipimo kimoja na ulikaji unaolingana.

Pili, upepo. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva aghalabu kuna kibandiko kinachoonyesha upepo wa mbele na wa nyuma, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Pima asubuhi, matairi yakiwa baridi. Makosa ya kawaida kwa wenye matola ni kujaza upepo wa mzigo mzito na kisha kurudi tupu nao. Tairi lililovimba chini ya mkia mwepesi hugusa barabara kwa katikati tu, nalo huteleza upesi. Kipima upepo ni kifaa cha bei ndogo. Kila mwenye gari awe nacho.

Tatu, springi na viungo vyake. Injini inapopeleka nguvu kwa ghafla, ekseli hutaka kujizungusha, na springi za majani hujipinda mfano wa herufi S. Zikiachia, tairi hurukaruka na kupoteza mshiko. Fundi akague yu-bolti zinazoishika ekseli, bushi za springi, jani lililovunjika, na shokapu zilizovuja. Kazi hii ni ya thamani maradufu, maana wakati wa kufunga breki ekseli hujipinda kuelekea upande wa pili. Anayeitengeneza kwa ajili ya kuondoka atakuwa ameitengeneza kwa ajili ya kusimama pia.

Nne, vali ya breki za nyuma. Pikapu nyingi za zamani zina vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti au springi ndogo. Kazi yake ni kupima jinsi bodi lilivyoshuka. Gari likiwa na mzigo, huruhusu breki za nyuma zibane zaidi. Likiwa tupu, huzipunguzia ili magurudumu yasifunge. Mwenye gari akiongeza majani ya springi ili abebe zaidi, bodi hupanda, na vali hudhani gari ni tupu ilhali limejaa. Breki za nyuma huwa dhaifu. Wengine huifunga vali kwa waya ili ibaki wazi daima; basi siku gari likiwa tupu na mvua inanyesha, mkia hupita mbele. Kila anayebadilisha springi hana budi kuirekebisha vali hiyo kwa fundi anayeielewa.

Tano, mguu wa dereva. Achia klachi polepole. Kwenye tope ondoka na gia ya pili, kwa mzunguko mdogo wa injini. Ukihisi magurudumu yanazunguka bure, punguza mafuta hadi yashike tena. Hakuna kifaa kinachouzwa Lilongwe kinachoushinda mguu uliofundishwa vizuri, na huo haulipiwi kwacha.

Marekebisho yanayoazima

La kwanza ni kupunguza upepo wa nyuma kupita kiasi. Kwenye njia ya dragi iliyo kavu husaidia kwa sekunde chache. Barabarani tairi huyumba kwenye kona, ubavu wake hupata moto na kuweza kupasuka. Mvua ikinyesha hali huwa mbaya zaidi. Majaribio ya NASA, shirika la Marekani la anga za juu, katika miaka ya 1960 yalitoa kanuni ya kukadiria mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji yaliyotuama, hasa likiwa halina meno ya kuyatoa. Kwa upepo wa pauni 30, mwendo huo ni kama kilomita 91 kwa saa. Kwa pauni 15 ni kama kilomita 64 tu. Tairi linaloelea halina fungu lolote la mshiko: halisukumi, haligeuki, wala halisimami. Upepo mdogo kwa mwendo wa polepole ili kujitoa kwenye mchanga au tope ni jambo jingine. Lakini ukishatoka, jaza kabla ya kuingia kwenye lami.

La pili ni kuchomelea difu. Difu ya kawaida huruhusu gurudumu la nje lizunguke zaidi ya la ndani kwenye kona. Kasoro yake ni kwamba gurudumu moja likiwa kwenye utelezi, lenzake nalo halipati nguvu zaidi ya hilo. Kwa pikapu kuukuu kasoro hiyo huonekana hata kwenye lami, kwa sababu msukosuko wa shafti huelekea kulinyanyua gurudumu moja la nyuma, mara nyingi la kulia. Basi fundi huichomelea difu ili magurudumu yote mawili yazunguke sawasawa. Gari huondoka kama mshale. Ila kwenye kona, gurudumu moja hulazimika kuteleza daima. Kwenye lami iliyolowa mkia huchomoka bila taarifa, na ekseli yaweza kukatika. Kuna difu zilizotengenezwa kiwandani kwa kubana zenyewe pale gurudumu moja linapoteleza. Hizo ni kitu halali kwa mwenye uwezo. Difu ya kuchomelewa haifai kutoka nje ya uwanja.

La tatu ni kulipunguzia gari uzito mbele na kulilegeza ili lijiinue pua. Uzito wa mbele ndio unaozifanya breki za mbele zishike na usukani utii. Anayeuondoa amejinunulia mwanzo mwema kwa bei ya mwisho mbaya.

Watu si mifuko ya mchanga

Tumefika kwenye kiini cha somo. Kwa kuwa mkia mwepesi huteleza, wapo wanaosema: wapande vijana sita nyuma, gari litashika. Tukubali kwanza kwamba hesabu yao ina ukweli. Vijana 6 wa kilo 60 kila mmoja ni kilo 360, na pikapu yetu ya mfano itaondoka vizuri zaidi. Lakini zingatia mambo matatu.

Mosi, wengi hukaa kwenye ukingo wa nyuma, nyuma ya ekseli. Uzito ulioko huko huinua pua ya gari, na usukani hupoteza nguvu pale unapohitajika.

Pili, mzigo hai hauna kamba. Gari likigeuka ghafla, watu wote huelemea upande mmoja kwa pamoja na kulisaidia kupinduka. Mfuko wa mchanga uliofungwa hukaa ulipowekwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mtu aliye wazi nyuma ya gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa, gari likigonga kitu na kusimama ghafla, yeye huendelea na mwendo uleule. Nguvu atakayopigwa nayo ni sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa meta 14. Nyumba nyingi za Area 49 hazifiki nusu ya kimo hicho. Hakuna mzazi atakayekubali mwanawe arushwe kutoka huko ili pikapu ya jirani ishinde dau. Hata hivyo, mtoto anayepandishwa ili kuukandamiza mkia wa gari anatendewa jambo hilohilo.

Mkia ukiwa mwepesi mno wakati wa masika, ipo njia halali. Tia mchanga mkavu kwenye mifuko imara, kilo 100 hadi 150 kwa jumla, uilaze juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kisha uifunge kwa kamba isisogee. Usitumie mawe wala matofali yasiyofungwa, maana kwenye breki huwa risasi. Siku ya kupakia mzigo, ishushe, ili gari lisizidi uzito lililoruhusiwa. Kwa mfano wetu, kilo 150 juu ya ekseli huongeza uwezo wa kuondoka kwa takriban 14 katika 100. Ongezeko hilo linatosha kwa tope la njia ya kawaida, na halihitaji roho ya mtu.

Neno kwa wazazi, mafundi na wenye magari

Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, na jamii zilizokutana humo, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko, zilileta mikono yenye ujuzi wa ufundi. Gereji ndogo ni shule za kweli kwa vijana. Kwa hiyo fundi mkuu wa gereji ni mwalimu, apende asipende. Akikubali kuchomelea difu ya gari litakalotembea barabarani, wanafunzi wake watajua kwamba jambo hilo ni sawa. Akikataa na kueleza sababu, watajua pia.

Kwa wenye magari tunasema: barabara ya umma si uwanja wa mashindano. Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya Malawi ya mwaka 1997 inakataza kuendesha kizembe na kwa namna ya hatari, na usiku wa manane hauibadilishi sheria hiyo. Aliyempa mwingine gari akijua litatumika kwa mbio ajue ameshiriki.

Kwa wazazi na wazee wa mitaa tunasema: mnazijua dalili kabla yetu. Kelele za matairi mahali palepale kila mwisho wa juma, michirizi mipya myeusi kwenye lami, kundi linalokusanyika na kutawanyika ghafla. Lifikisheni jambo hilo mapema kwa wajumbe wa polisi jamii wa mtaa wenu, kwa kutaja mahali, saa na aina ya gari. Asiyeweza kufika kituoni amtume mzee anayemwamini. Ni afadhali tuzungumze na kijana akiwa gereji kuliko kuzungumza na mama yake akiwa hospitalini.

Maswali ya kujadiliana katika mikutano ya mtaa

1. Kwa nini pikapu tupu huteleza mkia kwenye breki hata kama huondoka vizuri?
2. Taja marekebisho matatu yanayosaidia kuondoka na kusimama pia, na matatu yanayoazima mshiko.
3. Soma tarakimu 4 za mwisho kwenye matairi ya gari lililo karibu nawe. Lilitengenezwa wiki gani ya mwaka gani?
4. Mwenye matola ameongeza majani mawili kwenye springi za nyuma. Ni kifaa gani cha breki anachopaswa kukirekebisha, na kwa nini?
5. Jirani anawaita watoto wapande nyuma ili gari lisiteleze. Utamweleza nini kwa lugha ya upole, naye aelewe?

Tunawaomba viongozi wa vikundi wasome somo hili pamoja na madereva na mafundi, wala si katika mikutano ya wazee peke yao. Kila mwenye pikapu aanze na jambo moja jepesi kabla ya safari yake ijayo: apime upepo wa matairi yote manne, na asome umri wa matairi mawili ya nyuma.